Bahari Nyuma, Uso Mbele



Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, nilifuatwa nyumbani na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, akakaa, akanywa chai, akazungusha kikombe mezani kwa muda mrefu kuliko chai yenyewe ilivyokuwa. Mwishowe akasema: “Mjomba, nataka unipige picha.” Nikamwambia Dar es Salaam nzima ina simu zenye kamera, kwa nini anitafute mzee niliyeacha kazi hiyo tangu siku za mikanda? Akasema: “Nataka picha za baharini. Za kuweka kwenye programu ya kutafuta mchumba. Na sitaki anipige mtu atakayenicheka.”

Ana miaka thelathini na minne, aliachika, ana mtoto mmoja wa kiume, anafanya kazi ya uhasibu. Ameniruhusu kuyasema haya hewani mradi nisimtaje jina. Naye ana sababu.

Mwaka jana aliweka picha zake kwenye programu ya namna hiyo. Picha zilikuwa tatu, zote amejipiga mwenyewe chumbani, zote zimepitishwa kwenye filta. Kwa msikilizaji asiyeijua filta, ni ufundi ulioko ndani ya simu unaong'arisha ngozi, kukuza macho, kuchonga pua na kupunguza mashavu kabla hujamaliza kutabasamu. Mwanamume mmoja akazipenda. Wakaandikiana wiki sita, kwa maneno ya heshima, hata habari za mtoto alimweleza. Wakapanga kuonana kwenye mgahawa. Mpwa wangu akafika mapema, akamwona yule bwana akiingia, akampungia mkono. Bwana akamtazama, akaitazama simu yake, akamtazama tena. Kisha akageuka akatoka, na kabla chai haijaletwa alikuwa amekwisha kumfungia asiweze kumwandikia tena.

“Hakunikataa mimi, mjomba,” akaniambia. “Mimi hakunijua. Alikataa kwamba mimi si yule.” Halafu akasema jambo ambalo limenikaa kichwani: “Na yule wa kwenye simu, hata mimi nilimwonea wivu.”

Sasa msidhani kwamba nakuja hapa kuwalaumu vijana wa leo. Mimi mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1980, nilikuwa na rafiki wa kalamu. Wakubwa mnaijua habari hiyo: magazeti yalikuwa na ukurasa wa kutafuta marafiki na wachumba, jina, umri, mambo upendayo na Sanduku la Posta. Baada ya barua ya tatu, unaombwa picha. Nikaenda studio. Nikaazima koti la jirani na saa ya shemeji, nikasimama mbele ya pazia lililochorwa bahari na minazi. Yule dada alipokuja mjini nilikwenda kumpokea kituo cha mabasi nikiwa na shati langu la kila siku. Alinipita mara mbili. Mara ya tatu nilimwita kwa jina, akasema, “Ni wewe?” Barua hazikuendelea.

Mombasa nako, pale kwenye kivuko cha Likoni, katika miaka ya 1990 palikuwa na vibanda vya wapiga picha vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na mahoteli ya kitalii. Bahari ya kweli iko hatua chache mgongoni mwa kibanda, lakini watu walilipa wapigwe mbele ya bahari ya rangi. Ile ya rangi haikuwa na jua kali wala jasho la abiria wa feri.

Na huko Marekani wametafiti. Mwaka 2008 wataalamu watatu, Toma, Hancock na Ellison, walichapisha utafiti wao juu ya watu 80 wa New York waliokuwa kwenye mitandao ya kutafuta wachumba. Waliwapima urefu, wakawapima uzito, wakaangalia umri kwenye leseni zao za udereva, halafu wakalinganisha na walichokiandika. Watu 81 kwa mia walikuwa wamedanganya angalau jambo moja. Lakini uongo wenyewe ulikuwa mdogo mdogo: wanaume wanajiongezea urefu kidogo, wanawake wanajipunguzia uzito kidogo. Wanajua kwamba siku ya kuonana inakuja. Katika utafiti uliofuata mwaka 2009, picha nazo zililinganishwa na sura za wenyewe, na kama theluthi moja zilionekana haziwafanani sawasawa. Kwa hiyo mpwa wangu ana wenzake wengi tu.

Basi nikakubali. Nikamuuliza swali moja: kwa nini baharini, na wewe kuogelea hujui? Akacheka. Akasema kila mtu mle ndani ana picha ya baharini. Nilipofikiri nikaona si ujinga. Coco Beach haina kiingilio. Anayetoka Mbagala na anayetoka Kimara wote wanafika kwa daladala, na wakishasimama mchangani hakuna ajuaye nani ana gari na nani hana. Picha ya baharini inasema: huyu mtu ana muda wa kupumzika, ana afya, hana makuu. Chumbani utaonekana ukuta unaobanduka rangi. Baharini ukuta ni wa Mungu.

Lakini bahari ina taratibu zake, na hapa ndipo uzee wangu ulipofaa. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linatoka majini na kuzama nyuma ya mji. Maana yake, ukimpiga mtu asubuhi na bahari nyuma yake, jua liko mgongoni mwake na uso unakuwa giza kama chungu. Asubuhi ni ya kumgeuza, aangalie maji, minazi iwe nyuma. Ukitaka bahari nyuma, njoo jioni: jua linatoka upande wa mji na kumwangukia usoni. Mchana wa saa sita usijaribu kabisa, hasa mwezi Machi na Oktoba ambapo jua letu liko utosini hasa. Macho yanageuka mashimo mawili na pua inapata kivuli mithili ya masharubu. Sisi hatuko Ulaya ambako jioni ni ndefu. Hapa Dar es Salaam mwaka mzima jua huzama kati ya kama saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi, na likianza kushuka halingoji. Nilimwambia tuwe mchangani saa kumi na moja kamili.

Nilitazama na mwezi pia. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yetu hujaa kama saa kumi alasiri na kupwa kama saa nne asubuhi. Kila siku huchelewa kiasi cha dakika hamsini, hivyo wiki moja baadaye, saa ile ile ya kumi, maji yametoka na nyuma yako kuna mawe, mwani na chupa za plastiki. Vijana wanapanga nguo wiki nzima na hawapangi maji.

Nguo nazo zilileta mjadala. Rafiki zake walimshauri avae nguo ya kuogelea. Nikamuuliza, wewe ukienda baharini huvaa nini? Akasema dera, na kanga ya kujitanda upepo ukizidi. Sisemi nguo ya kuogelea ni dhambi, kila mtu na kwao. Ila atakayempenda akiwa na nguo asiyoivaa atamtafuta aliyeivaa, na hatampata. Akavaa dera la kijani. Upepo wa kusi ulilipeperusha vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza kumpanga.

Tatizo lilikuwa mkono wa kushoto. Akiwa na miaka minne alimwagikiwa na uji wa moto, na tangu kwenye kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono ana kovu. Katika picha zote za maisha yake, za shule, za harusi, za kitambulisho, mkono ule umefichwa. Dera lilikuwa na mikono mirefu. Nikakaa kimya.

Tulianza vibaya. Alisimama kama askari kwenye gwaride, kidevu juu, mdomo umebinuka kama wanavyobinua siku hizi. Simu yangu nayo iliona mchanga mweupe na mawingu meupe, ikadhani mwanga umezidi, ikaufanya uso wake mweusi zaidi ya ulivyo. Akaitazama akasema, “Unaona mjomba? Ndiyo maana natumia filta.” Hapo nilisimamisha kazi nikamweleza. Kamera haikuzaliwa kwa ajili yetu. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, waliyemwita Shirley. Yeye akitoka vizuri, basi rangi ni sahihi. Sisi tukitoka macho na meno tu, ni bahati yetu. Waliokuwa wakuu wa kampuni hiyo walimsimulia mtafiti mmoja kwamba waliolalamika wakasikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hudhurungi zao zilikuwa zikichanganyika kwenye matangazo. Chokoleti ilitutangulia. Nimesafisha harusi ngapi, jamani, ambamo shela linaonekana hata nyuzi zake na bibi harusi haonekani!

Kamera za simu zimeendelea sana, lakini zinahitaji kuambiwa. Nikaligusa lile eneo la uso wake kwenye kioo cha simu, ili kamera ipime mwanga pale na si kwenye mawingu. Mchanga ukazidi weupe kidogo, hewala, hatuuzi mchanga. Nikarudi nyuma hatua tano na kuivuta picha karibu, kwa sababu kamera iliyo urefu wa mkono mmoja tu huikuza pua na kuyasukuma masikio nyuma. Nilipomwonyesha, alikaa kimya. Halafu akasema, “Hii ndiyo rangi yangu.” Hakusema kwa huzuni.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Nilimwacha anunue mihogo ya kukaanga, maana mtu anayekula muhogo wenye pilipili hana nafasi ya kubinua mdomo. Muuzaji akamtania, akacheka kicheko cha marehemu dada yangu, nami nikabonyeza. Vijana wa pale wanaopiga picha kwa malipo walinitazama kwa huruma, mzee na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Mmoja akanishauri nimpe mpwa wangu kofia. Hatukuihitaji.

Jua lilipokuwa limebaki vidole viwili, wimbi likaja likamlowesha mpaka magotini. Akapiga kelele, akakunja dera kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akauinua kujiziba mwanga usoni. Mkono wa nguo ukateremka hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nimekwisha kupiga.

Nyumbani tulizitazama zote, karibu mia moja. Enzi za mkanda wa picha 36 ningefilisika. Tukabakiza tano. Zile zenye sare ya ofisini tukazitoa, na iliyoonyesha mtoto na nembo ya shule yake tukaitoa pia, kwani mtu mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya hapo. Kuhusu mtoto ataandika kwa maneno: ninaye mmoja. Ilipofika ile ya wimbi, niliisogeza kidole ipite. Akairudisha. Akaikuza mpaka kovu likajaa kioo kizima, akalitazama kama mtu anayesoma barua. “Nimecheka vizuri hapa,” akasema. Nikamwambia naweza kuikata mkono ubaki nje. Akasema ngoja.

Usiku ule aliweka nne. Siku tatu baadaye akanipigia, ameiweka na ya tano, lakini ya mwisho, anayetaka kuiona apitie kwanza zile nyingine. Nikamwambia mpangaji wa duka naye haweki kila kitu dirishani. Wachache walioandika kabla hawakuandika tena baada ya hapo, au labda wangeacha hata hivyo, mambo hayo hayana risiti. Mmoja aliuliza: “Mkono uliumia?” Akamjibu, “Uji.” Yule bwana akaandika kwamba yeye ni mguu, na ni mafuta ya maandazi, na mama yake mpaka leo akikaanga hataki mtu apite jikoni.

Sijui huyo bwana ni nani. Huenda ni muungwana, huenda ni mjanja anayeongeza kovu kama mimi nilivyoongeza koti. Mpwa wangu amemwomba waonane kwanza kwa simu ya video bila filta, wakaonana. Hajamwomba hela, na nimemwambia siku atakapoombwa hata ya vocha ndiyo siku ya kumfungia. Wanakutana Jumapili hii, saa kumi alasiri, mahali pa wazi penye watu, na mdogo wake atakuwa meza ya pili akijifanya anasoma gazeti.

Jana alinipigia kuuliza kama avae dera lile lile la kijani. Kabla sijajibu akasema hapana, joto limezidi, atavaa blauzi ya mikono mifupi. Nikamwambia asisahau kuweka kando nauli yake ya kurudi.

Kwaherini.