Matokeo Yarudi kwa Nani? Watafiti, Wadadisi na Wananchi wa Maniema

Mada iliyotolewa kwenye warsha ya walimu, watafiti na waandishi wa habari, Kindu



1. Ufafanuzi

Waandaaji waliniomba nianze na maana ya maneno. Nitapita haraka, kwani humu ukumbini hakuna asiyeyajua. Mtafiti ni mtu anayeuliza kwa utaratibu na kuandika alichokipata ili mwingine aweze kumsahihisha. Mdadisi anauliza vilevile, ila hakuna anayemlipa: mwalimu anayeandika kila mwaka Lualaba ilipofika wakati wa mafuriko, mwindaji anayejua mti upi unazaa mwezi upi. Umma ni sisi sote tukishavua vyeo. Na kushirikisha umma ni kumwambia mtu umeona nini, umekionaje, na ni kipi bado hukijui. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa, lakini tuendelee.

2. Tulicho nacho hapa

Mkoa wetu haukosi mambo ya kustaajabisha. Simama gatini hapa Kindu utazame ng'ambo, Alunguli. Misitu ya upande ule, kwenda Pangi na Punia, ni nchi ya sokwe mtu. Misitu ya upande wetu, kwenda Lomami, ni nchi ya bonobo. Wanyama hawa ni ndugu wa karibu sana, na wataalamu wa jeni wanakadiria kwamba waliachana kati ya miaka milioni moja na milioni mbili iliyopita. Hawajui kuogelea, na mto huu ni mpana. Mtoto wa Alunguli anayevuka kwa mtumbwi kuja kusoma upande huu anavuka mpaka unaomtenga sokwe mtu na bonobo. Nimewauliza wanafunzi wengi wa sekondari kama waliwahi kuambiwa jambo hili darasani. Wanacheka, wanadhani nawatania.

Au chukueni lesula. Juni 2007 timu ya utafiti ilifika Opala, katika Tshopo ya leo, ikamkuta kima mdogo jike amefungwa katika ua wa direkta wa shule ya msingi. Watafiti hawakuwahi kumwona. Wenye mji walimjua, na jina lake walilijua: lesula. Ilichukua miaka mitano ya kulinganisha mafuvu, ngozi, jeni na sauti anazotoa dume alfajiri. Septemba 2012 John Hart, Kate Detwiler, Maurice Emetshu, Terese Hart na wenzao wakachapisha maelezo yake katika jarida la PLOS ONE, kwa jina la kisayansi Cercopithecus lomamiensis. Ana uso kama wa mtu anayefikiri, na dume ana makalio ya buluu iliyokolea. Anaishi magharibi ya mto Lomami. Ndugu yake wa karibu, Cercopithecus hamlyni, yuko mashariki ya Lualaba. Mito tena.

Tanzania ilitokea hivyohivyo. Kima aliyetangazwa mwaka 2005 alikuwa na jina tayari kwa wawindaji wa Rungwe, kipunji, na kwa muda wataalamu walikuwa na shaka kama mnyama huyo yupo kweli. Na tausi wa Kongo je? Mwaka 1913 mtaalamu wa ndege James Chapin alipata unyoya mmoja huko Avakubi, Ituri, kwenye kofia ya mwenyeji. Hakumtambua ndege mwenye unyoya ule hadi 1936, alipokuta ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wameandikwa kimakosa kuwa ni tausi wa India. Karibu robo karne jibu lilikuwa kabatini Ulaya, na ndege mwenyewe alikuwa akipigwa na kuliwa huku.

Ningeweza kuendelea na Nyangwe, ambako mpelelezi Livingstone alikaa mwaka 1871 akitumaini kwamba Lualaba ndiyo Nile, kisha mpelelezi mwingine, Cameron, akaja mwaka 1874, akapima urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, akaona uko chini kuliko Nile kule Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Hoja ya mstari mmoja, iliyotolewa katika Maniema, na mwanafunzi wa Kibombo anaweza kuirudia ubaoni. Lakini sikuitwa kusimulia historia.

3. Tatizo lenyewe

Tatizo ninalopambana nalo kwa miaka mingi ni hili: matokeo hayarudi. Tunahesabiwa, tunapimwa, tunahojiwa, tunaongoza timu msituni, tunabeba mizigo, tunataja majina ya miti. Baadaye karatasi zinapanda ndege. Kinachorudi, mara nyingi, ni marufuku.

Nawaomba wakubwa wangu wasinielewe vibaya. Sipingi sheria ya uwindaji ya 1982 wala sheria ya hifadhi ya mazingira ya 2014. Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa Julai 2016 kati ya Maniema na Tshopo, yenye karibu kilomita mraba 8,900, naiunga mkono hadharani na faraghani. Naunga mkono pia uamuzi uliofanywa kwenye mkutano wa mataifa huko Johannesburg mwaka huohuo wa 2016 kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini, ingawa nawajua vijana waliokuwa wakiishi kwa biashara hiyo hapa mjini. Ninachosema ni kwamba mwananchi wa kawaida wa Kindu anakutana na sayansi ikiwa imevaa sare. Hakuambiwa kasuku walihesabiwaje, wapi walikuwa wengi, wapi wamekwisha. Aliambiwa: usikamate. Kisha tunashangaa kwamba anaiona sayansi kama amri nyingine ya serikali.

Kuna mama anayeuza nyama ya pori sokoni. Kwa muda mrefu vijana wenye madaftari wamefungua beseni lake wakaandika: mboloko ngapi, kima ngapi, wametoka njia ipi, wamekuja na baiskeli ya nani. Siku moja aliniuliza, "Mnaandika, mnaandika. Jumla yake mnampelekea nani?" Sikuwa na jibu la kumfaa. Mama yule angeiona jumla, angeweza kutueleza kwa nini kima wanapungua mwezi fulani na kwa nini wanyama wanaoletwa sasa ni wadogo. Anaijua bei, anaijua njia, anamjua mwindaji. Tumechukua kwake tarakimu tukaacha maelezo.

Ukiuliza ofisini kwa nini matokeo hayarudi, utapata majibu matatu.

La kwanza: bado hayajachapishwa. Jibu hili lina uzito kidogo, kwa sababu tarakimu ambayo haijakaguliwa inaweza kupotosha. Lakini lesula alichapishwa Septemba 2012 katika jarida ambalo halimtozi msomaji hata feranga moja, na baada ya siku chache tu magazeti ya London yalikuwa na picha yake. Kuchapishwa hakukuwa kizuizi tena. Nataka mniambie ni shule ngapi za Maniema zenye picha hiyo ukutani leo.

La pili: kibali cha makao makuu. Hapa nitakuwa mwangalifu, maana wengine tunaokaa humu tunaomba vibali hivyohivyo. Nakubali kuna mambo ya kufichwa. Mahali tembo wanapokunywa maji si habari ya redio. Jina la mgonjwa si habari ya mtu yeyote. Ila nimeona ripoti isiyo na tembo wala mgonjwa, ya mvua na samaki tu, ikakaa mezani mwa mkubwa fulani mpaka mradi ukafungwa. Sitaji meza.

La tatu ndilo linalonikera: watu hawataelewa. Hawataelewa nini? Mtu wa misitu ya Lomami anatofautisha mlio wa kima mmoja na mwingine gizani, kabla jua halijatoka. Watafiti walihitaji vinasa sauti na kompyuta kuthibitisha jambo hilohilo. Mtu huyu ukimweleza kwamba sauti zimepimwa na zimekubaliana na sikio lake, ataelewa, na atakuuliza maswali ambayo hukuyatarajia. Nadhani wengine wetu tunaogopa maswali hayo.

Nitoe mfano wa afya, kwa sababu hapo kosa la kunyamaza ni ghali zaidi. Oktoba 2022, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, INRB, ya Profesa Muyembe, pamoja na taasisi za afya za Marekani, ilianza kujaribu dawa ya tecovirimat kwa wagonjwa wa mpox. Vituo vilikuwa viwili: Kole, katika Sankuru, na Tunda, hapa kwetu Maniema. Watu 597 walishiriki, wakubwa kwa watoto. Nusu walipewa dawa, nusu kidonge kisicho na dawa, na wote walilazwa wakaangaliwa vizuri. Agosti 2024 matokeo yakatangazwa: dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Ukiishia hapo, habari inayofika sokoni ni "dawa imeshindwa, wametufanya majaribio". Lakini matokeo yalikuwa na nusu ya pili. Kati ya wote, waliopata dawa na wasioipata, waliofariki walikuwa asilimia 1.7, wakati kwa kawaida nchini vifo vilifikia asilimia 3.6 au zaidi. Maana yake, kulazwa, kupewa maji na chakula, kutibiwa vidonda vilivyoingia uchafu, kunaokoa watoto hata bila dawa mpya. Mama wa Kibombo anaihitaji habari hiyo kuliko msomaji yeyote wa jarida. Sisemi kwamba Tunda hawakuambiwa. Nauliza ni nani katika mkoa alipewa kazi ya kuieleza kwa Kiswahili nje ya Tunda, na kwa bajeti ipi.

Bajeti ndiyo mzizi. Katika miradi mingi niliyosoma, fungu la umma linaitwa uhamasishaji, linawekwa mwishoni, na linaliwa na gharama za katikati. Kikibaki kitu, tunachapa fulana na bango lenye wanyama waliopigwa msalaba mwekundu. Bango hilo halina jambo hata moja ambalo mtu hakulijua. Linamwambia kijana kwamba mnyama amekatazwa. Halimwambii kwamba huyu wa buluu nyuma hapatikani nchi nyingine yoyote duniani, na kwamba babu yake alimjua kabla ya wataalamu.

4. Mapendekezo

Kwa wenye miradi: fungu la kurudisha matokeo liandikwe mwanzoni mwa bajeti, likiwa na jina lake, wala lisihamishwe. Matokeo yapelekwe kwanza kule tarakimu zilikotoka, kabla ya Kinshasa na kabla ya Ulaya, isipokuwa yale yenye siri ya mgonjwa au ya mnyama anayewindwa kwa pembe. Yapelekwe na mtu aliyeshika kazi hiyo, si dereva na bahasha.

Kwa idara zinazotoa vibali vya utafiti: nakala ya Kiswahili, hata kurasa mbili, iwe sharti la kibali kinachofuata. Na ripoti ikishapokelewa, ijibiwe kwa muda unaojulikana. Nimeligusa hili hapo juu, nalirudia kwa heshima zote.

Kwa Chuo Kikuu cha Kindu na vyuo vingine: mwanafunzi anayeandika kazi yake ya mwisho kuhusu kijiji fulani aiwasilishe pia katika kijiji hicho, na chefu aweke sahihi kwamba aliisikia. Maprofesa wataniambia hii inaongeza gharama. Ni kweli.

Kwa walimu: mto kama mpaka wa bonobo na sokwe, hoja ya Cameron kule Nyangwe, daftari la mafuriko kama la yule mwalimu niliyemtaja mwanzoni. Masomo haya matatu hayahitaji maabara.

Kwa redio zetu: kipindi cha sayansi kisiwe hotuba ya daktari mmoja. Mwindaji, muuzaji na mtafiti wakae meza moja, wabishane. Mtafiti aruhusiwe kusema "hatujui", na mtangazaji asiikate sehemu hiyo kwenye uhariri.

Kwa wahifadhi: kabla ya kusoma sheria kijijini, onyesheni kwanza picha za kamera zilizowekwa msituni. Watu waone okapi alipita lini. Sheria isomwe baadaye, siku hiyohiyo kama muda upo.

Kwa watafiti wageni: majina ya waongozaji na wabebaji yaingie kwenye kazi, wenyewe wakikubali. Na jumla ya soko irudi sokoni. Nalo nimelisema, mama yule bado ananidai.

Kwa wadadisi wasio na cheti: andikeni tarehe. Daftari lenye tarehe linasikilizwa, lisilo na tarehe linasifiwa tu.

Mwisho, kwa wafadhili waliotuma wawakilishi leo: matokeo hayawezi kufika Obokote au Kibombo kwa barua pepe. Mafuta ya pikipiki na ya motere ya mtumbwi yaandikwe kwenye mstari wake, na bei iwe ile ya msimu wa mvua, barabara inapokatika.