Laptopu Ikizima, Msimshuku Mweka Hazina
(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi, Woodley, Nairobi)



Kikundi kimoja ninachotembelea kinaweka hesabu zake kwenye laptopu ya mtumba. Siku ya kugawana akiba, mama mweka hazina akiwa katikati ya kusoma, mashine ilipata moto ikazima ghafla. Wengine wakaanza kunong'ona: "Huyu mama anaficha kitu." Jamani, hakuficha kitu. Mashine ilijizima yenyewe ili isiungue.

Ndani ya laptopu kuna prosesa, ndiyo inayopiga hesabu. Ikienda kasi inakula umeme mwingi, na umeme huo unageuka kuwa joto. Sasa, chai ikishachemka, mbona jiko liendelee kuwaka kwa nguvu zote? Kuandika majina na shilingi hakuhitaji moto mkali.

Laptopu ile ilikuwa na Linux, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Tangu toleo la 2.6 la mwaka 2003, Linux ina sehemu iitwayo cpufreq, ya kupandisha na kushusha kasi ya prosesa. Tulifanya hivi:

Kwanza, tulisafisha vumbi kwenye feni. Hakuna programu inayopangusa vumbi!

Pili, kijana anayejua kompyuta alituwekea programu ya cpupower.

Tatu, tuliandika: cpupower frequency-info. Ikatuonyesha kasi ya chini na ya juu ya mashine yetu.

Nne, tuliandika: sudo cpupower frequency-set -u 1200MHz. Maana yake, prosesa isipite gigahazi 1.2. Nyinyi chagueni namba iliyo kati ya mipaka ya mashine yenu.

Msiogope kuharibu. Ukizima na kuwasha tena, kasi inarudi ilivyokuwa, kwa hivyo amri hiyo mtairudia kila mkutano. Kazi nzito kama video itakwenda polepole, lakini hesabu zitakwenda sawa, na betri itakaa zaidi. Kwa wale wanaotumia sola, hiyo si faida ndogo.

Mkutano uliofuata, mashine ilikaa mpaka mwisho. Mama alisoma hesabu zote, na waliomnong'ona wakamwomba msamaha mbele ya watu.

Basi, kitabu cha karatasi msikitupe. Na kabla ya kumshuku mwenzako, gusa mashine kwanza uone kama ina joto.