Pua Huzoea, Moyo Je?



Sisi watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe twaijua thamani ya harufu nzuri. Bibi arusi hufukizwa udi, na akina mama huvaa vikuba vya asumini na rihani. Wala hayo si mapambo tu. Harufu iingiapo puani hugusa mishipa ya fahamu, na habari yake hufika upesi katika sehemu za ubongo zihusikazo na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana ukinusa asumini waweza kumkumbuka nyanya yako aliyefariki zamani, na moyo ukatulia.

Lakini harufu yaweza pia kutufukuza.

Siku moja niliitwa Likoni kumwombea mzee mwenye kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Nilipofika mlangoni, harufu ya kidonda ikanipiga usoni. Nikasimama pale pale kizingitini, nikaomba sala fupi, nikatazama saa yangu. Ndani alikuwamo jirani yake, bibi mmoja Mwislamu, ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameweka kikuba karibu na mto. Akaniambia, "Mwanangu, ingia uketi. Pua huzoea."

Nikaingia kwa haya. Na kweli, haukupita muda mrefu ile harufu sikuisikia tena kama mwanzo. Ndivyo Mungu alivyoiumba pua: harufu ikidumu, huizoea. Moyo wangu ndio ulionizuia mlangoni. Mzee akanishika mkono, akasema kwamba kwa majuma mengi hakuna mtu wa kanisani aliyeketi naye.

Kikuba hakikuponya kidonda. Hiyo ni kazi ya dawa na wauguzi. Lakini kila alipovuta pumzi, mzee alijua kwamba yuko mtu anayemjali.

Someni Injili ya Yohana, mlango wa 11. Pale kaburini Bethania, Martha alimwonya Bwana kwamba Lazaro ana siku nne, atakuwa ananuka. Bwana hakurudi nyuma. Kisha someni mlango wa 12. Katika kijiji hicho hicho, Mariamu alimpaka miguu kwa nardo ya thamani ya dinari 300, karibu mshahara wa kibarua wa mwaka mzima, na manukato yakaenea kote nyumbani. Yeye ambaye hakuikimbia harufu ya mauti ndiye aliyestahili manukato yale.

Ndugu yangu, ni mgonjwa gani unayemsalimu kutoka mlangoni? Nenda leo, kabla jua halijatua. Huna marashi? Si neno. Ingia, uketi.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kusimama mbali. Utupe moyo wa kukaribia, kama wewe ulivyotukaribia sisi. Amina.