Ofisi Ikikunyima Msaada wa Ulemavu

Katiba yetu ya Kongo (DRC), kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa; sheria ya watu wenye ulemavu ya tarehe 3 Mei 2022 ikaipa haki hiyo nguvu zaidi. Lakini ofisi ya serikali ikikunyima haki hiyo, usikimbilie mahakamani. Sheria ya 2016 ya mahakama za utawala inataka kwanza uandikie wakubwa waliokukatalia, uwaombe wabadili uamuzi. Ukipeleka barua, usikubali kuambiwa “rudi kesho”! Baki na nakala yake yenye muhuri na tarehe, maana jaji husoma karatasi. Kweli, tangu waasi wa M23 wateke mji wa Rutshuru Oktoba 2022, na Goma Januari 2025, kazi ya mahakama za serikali imevurugika. Hata ukikimbia vita, beba nakala hiyo.