Bustani ya Nyumbani Kwenye Njia ya Ndovu: Nini Kipandwe, na Wapi

Maelezo yaliyoandaliwa kusomwa katika mabaraza ya wakulima wanaopakana na mbuga za Tsavo, Kaunti ya Taita Taveta



Karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 ilipata ndovu 36,280 Kenya nzima, na eneo la Tsavo ndilo lenye ndovu wengi zaidi nchini. Kwa hivyo mkulima wa Sagalla au wa Mwatate hana haja ya kujiuliza iwapo ndovu atapita. Ajiulize ndovu huyo atakuta nini boma lake, na atakikuta umbali gani kutoka mahali watoto wanapolala.

Mazungumzo kuhusu ndovu huwa ni ya shamba la mahindi. Bustani ya nyumbani husahaulika. Mpapai uko nyuma ya jikoni kwa sababu hapo ndipo maji ya vyombo humwagwa. Mgomba uko kando ya bafu. Maboga yametambaa juu ya ua, mwembe unatia kivuli mlangoni, na gunia la mahindi limeegemezwa ukutani ndani ya nyumba. Ndovu anayefuata papai hilo usiku husimama chini ya dirisha. Mwenye nyumba akisikia kishindo na kutoka na tochi, wanakutana hatua chache tu. Mahindi yakiliwa hupandwa tena mvua ikija. Mtu hapandwi tena.

Ndovu huongozwa na pua. Wanasayansi wamehesabu jeni za kunusa za ndovu wa Afrika na kupata karibu 2,000, yaani takriban mara tano ya zile za binadamu. Embe lililoiva au mahindi yaliyohifadhiwa hayawezi kufichwa kwa ukuta wa udongo. Miiba nayo haimsumbui, kwani mgunga ni chakula chake cha kila siku. Mkulima anayetaka kumpunguzia hamu atazame harufu na ladha ya mmea, si miiba yake.

Vinavyomvuta vinajulikana: mahindi, miwa, ndizi, papai, maembe, matikiti maji, maboga na mihogo. Vitu hivi vina sukari, wanga au maji mengi, na wakati wa kiangazi kichakani hakuna kinachoshindana navyo. Asivyovipenda sana ni pilipili kali, vitunguu, vitunguu saumu, tangawizi na mchaichai. Nchini Zambia, watafiti walipanda baadhi ya mimea hii yenye harufu kali karibu na mahindi ili ndovu wa porini wajichagulie wenyewe. Mahindi ndiyo yaliyowavutia zaidi.

Je, mkulima ang'oe mahindi apande pilipili? Hapana. Familia haishibi pilipili, na tangawizi inahitaji maji mengi ambayo nyanda za chini hazina. Kinachoweza kubadilika ni mpangilio wa boma.

Kwanza, miti ya matunda matamu isipandwe karibu na chumba cha kulala, jikoni, choo au njia ya kwenda chooni. Iliyopo tayari si lazima ikatwe. Matunda yachumwe mapema kabla hayajaiva yakaanza kunukia, na yaliyoanguka yaokotwe kila jioni.

Pili, sehemu iliyo karibu na nyumba ipewe vitunguu, vitunguu saumu, pilipili na mchaichai. Mimea hii hutosheka na eneo dogo, na maji yaliyosuuzia mboga yanaweza kuisaidia. Pia ina soko. Pilipili ikikaushwa vizuri haiozi haraka, kwa hivyo mkulima halazimiki kuiuza kwa bei ya kutupa.

Tatu, mahindi yakivunwa yasilale katika chumba wanamolala watu. Tangi la maji nalo lisiwe ubavuni mwa nyumba, kwa kuwa wakati wa ukame ndovu huvunja matangi kutafuta maji.

Pilipili ina kazi nyingine. Ikitwangwa na kuchanganywa na oili chafu ya gari, hupakwa kwenye kamba na vitambaa vinavyozungushiwa shamba. Mvua ikinyesha dawa hiyo huoshwa, hivyo ni lazima ipakwe upya. Anayepaka avae glavu na asijishike macho.

Ukweli usemwe wazi: hakuna mmea unaomzuia ndovu mwenye njaa. Asipokula vitunguu, anaweza kuvikanyaga akielekea kwenye mgomba. Ndiyo maana mimea huenda pamoja na ulinzi mwingine. Sagalla, katika vijiji vya Mwakoma na Mwambiti, wakulima na shirika la Save the Elephants wameweka ua wa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 ulionyesha kuwa katika misimu ya mazao ua huo uliwarudisha hadi asilimia 86 ya ndovu waliofika. Baada ya ukame wa 2017, hata hivyo, nyuki wengi walihama na asali ikapungua. Nyuki wanahitaji maua na maji, na mkulima mwenye mizinga atafaidika akipanda alizeti karibu nayo. Mizinga iwe mbali na nyumba na zizi la mbuzi.

Jambo la mwisho ni la sheria. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inaruhusu fidia kwa mazao yaliyoharibiwa, lakini haimlipi mwenye mazao aliyekosa kuchukua hatua zinazofaa za kuyalinda. Ua wa pilipili, mizinga na mpangilio mzuri wa bustani ni baadhi ya hatua ambazo mkulima anaweza kuonyesha. Apige picha kwa simu kabla ya msimu, na uharibifu ukitokea aripoti mara moja kwa KWS na kwa afisa wa kilimo kabla ya kusafisha shamba.

Na usiku ndovu akiingia, aachwe ale. Mlango ubaki umefungwa, na simu ipigwe kwa KWS au kwa chifu. Kulipopambazuka, familia itahesabu hasara ikiwa imetimia.