Kata Inayopitiwa na Kila Kitu: Kuishi na Kufanya Kazi Ibadakuli

(Maneno yaliyotolewa katika harambee ya mwaka)

 

Tumeombwa tuseme machache kuhusu kuishi na kufanya kazi mahali padogo. Sisi tunaoishi mijini tukiulizwa kwetu ni wapi, tunajibu "Shinyanga", kisha tunanyamaza. Leo tulitaje jina lenyewe: Ibadakuli.

Kata yetu ni ndogo lakini haijajificha. Uwanja wa ndege wa Shinyanga uko hapa. Kituo cha kupozea umeme kiko hapa, na ndipo unapofikia msongo mkubwa wa kilovolti 400 unaotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, kilomita 670. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yanaletwa kwa bomba kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga. Kwa hiyo mambo makubwa yanatufikia. Tatizo ni kwamba mengi yanapita tu. Abiria anashuka kwenye ndege, anapanda gari, analala mjini. Umeme unapozwa hapa, unakwenda kuwasha mitambo mbali. Vijana wetu nao, tangu migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ianze mwaka 2000 na 2001, wengi macho yao yako kwenye dhahabu.

Mahali padogo panajengwa na wanaolala pale. Mwenye duka la kijijini ni muuzaji, ni wakala wa fedha za simu, na daftari lake la madeni ndiyo benki ya majirani mpaka pamba iuzwe. Mwalimu anayeishi jirani husaidia kuandika barua, husimamia mikutano, huamua ugomvi wa watoto jioni. Muuguzi anayeishi jirani hugongewa mlango saa nane usiku. Mahali padogo mtu mmoja anabeba kazi tatu, na akiondoka, zote tatu zinaondoka naye.

Sasa turuhusuni tufanye hesabu kidogo, maana ndiyo kazi tuliyosomea. Huu ni mfano wa kukokotoa tu. Tuseme mtumishi anatumia shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula, mkaa, maji na mafundi. Kwa siku 30 ni shilingi 300,000. Kwa mwaka ni 3,600,000. Watumishi 10 ni shilingi 36,000,000. Wakilala mjini, fedha hiyo inaliwa mjini. Wakilala hapa, inaingia kwa mama anayeuza mchicha na maziwa, kwa fundi cherehani, kwa mwenye mashine ya kusaga. Hakuna harambee yetu itakayoleta fedha ya namna hiyo kila mwaka bila kuitisha kikao.

Mzee mmoja alituuliza kwenye kikao: "Kwa nini tumjengee nyumba mtu mwenye mshahara, wakati sisi tunakula michembe?" Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba nyumba hatumpi mtu. Nyumba ni ya kata. Mtumishi atahamishwa, nyumba itabaki, na mwingine atakayepangiwa hapa hatakuwa na sababu ya kutafuta chumba mjini.

Wenzetu mbali wameliona hilo kwa uchungu. Katika jimbo la Kansas, Marekani, miji midogo kama Marquette na Lincoln ilifikia kugawa viwanja bure kwa atakayekubali kujenga na kuishi. Wao wana ardhi na barabara, wanatafuta watu. Sisi watu tunapangiwa, tunashindwa kuwalaza.

Kujitolea si jambo geni kwetu. Basumba batale walilima mashamba ya wenzao kwa zamu kabla ya neno "mradi" kufika. Mkoa wetu ulioitwa jangwa ulirudisha miti kupitia ngitili, hasa baada ya mpango wa HASHI kuanza mwaka 1986, na mwaka 2002 ulituzwa kimataifa. Ngitili ni kukubaliana kutolisha leo ili ng'ombe wale kiangazi. Nyumba ya mtumishi ni ngitili ya namna nyingine.

Tunachoomba leo ni kuinua boma la nyumba ya watumishi kwa nguvu zetu, kisha tubishe hodi Halmashauri ya Manispaa tukiwa na ukuta uliosimama. Atakayetoa mfuko mmoja wa saruji aandikwe. Atakayetoa bati, nondo, trekta la kusomba mchanga au siku mbili za ufundi aandikwe vilevile, kwa thamani yake. Kila mchango upewe risiti. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe hapa hapa, mbele ya wazee, na ibandikwe ofisi ya kata. Ahadi isiyolipwa nayo isomwe, ikiwemo ya kwetu tunaozungumza.

Vitu vikubwa vitaendelea kupita Ibadakuli. Tujenge sababu ya watu kubaki.