Mchoro Uliofuta Kanuni Yangu

Leo nazungumza na vijana wetu wanaotunga programu za kompyuta.

Tangu Peter Chen aeleze mwaka 1976 jinsi ya kuchora hifadhidata kwa maumbo na mistari, mchoro umekuwa rafiki yetu. Siku hizi zipo zana zinazousoma na kukuandikia klasi: jedwali la wanafunzi linakuwa klasi ya Mwanafunzi, kila safu inakuwa sifa yake, na mstari uendao kwenye risiti unakuwa orodha ya risiti zake. Kazi ya siku tatu unaimaliza kwa kubonyeza mara moja. Nani asipende?

Mimi nilipenda, mpaka nikakiona cha mtema kuni. Katika programu ya karo ya shule moja, niliandika ndani ya klasi ya Risiti kanuni ya kukataa namba iliyokwisha kuingizwa. Baadaye mhasibu akaomba safu ya tarehe. Nikaiongeza mchoroni, nikabonyeza. Zana ikaliandika faili upya, na kanuni yangu ikafutika kimya kimya. Risiti zikaingia mara mbili. Shule ikajiona ina fedha isiyokuwapo.

Zana haikukosea. Faili lake liacheni, yenu yaandikeni katika faili la pili. Lugha ya C# inaruhusu hivyo tangu 2005. Na namba isiyopaswa kurudiwa itangazwe mchoroni, ili hifadhidata yenyewe ikatae. Hilo sikulifanya, na daftari la risiti tulilipitia upya ukurasa kwa ukurasa, mimi na mhasibu.